Kusoma vinasaba vya vimelea katika maji ya uti wa mgongo: tuanze hapo?

Swali: Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Tuna mgonjwa anayeishi na VVU, CD4 zake (seli za kinga ya mwili) ni 60 tu, na ana homa na maumivu ya kichwa kwa wiki ya tatu sasa. GeneXpert (kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu) ya maji ya uti wa mgongo imetoka hasi. Ndugu zake wamesikia kwamba kuna mashine inayosoma vinasaba vya vimelea vyote kwa mkupuo mmoja, na wako tayari kuchangishana fedha ili sampuli ipelekwe nje ya nchi. Tuwashauri hivyo?

Jibu: Bado. Kabla ya ndugu hao kuuza chochote, ningependa kujua kama mgonjwa amepimwa antijeni (alama) ya kriptokokasi, fangasi anayeshambulia utando wa ubongo, katika damu na katika maji ya uti wa mgongo, maana katika maelezo yako kipimo hicho sikukiona. Kwa mtu mwenye CD4 60 fangasi huyo ni wa kutafutwa mwanzo kabisa, na kijiti cha kumpimia hutoa jibu kwa takribani dakika kumi. Kifua kikuu nacho hakijaondoka kwenye orodha, kwa sababu GeneXpert hasi ya maji ya uti wa mgongo haitoshi kukikanusha, hasa ikiwa maji yaliyopimwa yalikuwa machache. Mpimeni pia mkojo kwa kipimo cha LAM, kinachotafuta alama ya bakteria wa kifua kikuu, na dalili zikielekea kifua kikuu, dawa zisisubiri mashine yoyote.

Usomaji wa vinasaba unaozungumziwa na ndugu hao ni kazi kubwa na ninauthamini, lakini udhaifu wake unaangukia hasa kwa mgonjwa wa aina hii. Mashine husoma kila kipande cha DNA (vinasaba) kilichomo katika sampuli bila kubagua, na vingi mno kati ya vipande hivyo ni vya seli za mgonjwa mwenyewe, hivyo vimelea vikiwa vichache, kama walivyo bakteria wa kifua kikuu katika maji ya uti wa mgongo, alama yao huzama. Isitoshe, bakteria hao wana ukuta wenye nta, na kriptokokasi ana ganda zito, kwa hiyo maabara isipovunja seli zao ipasavyo DNA yao haitoki kabisa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, ambao haukuwahusu wenye VVU peke yao, ulikuwa na wagonjwa 204 na maambukizi 58: usomaji huu ulibaini 13 ambayo vipimo vya kawaida viliyakosa, lakini wenyewe ulikosa 26 ambayo vipimo vingine viliyaona.

Lipo pia tatizo la kutafsiri majibu. Kinga ikishuka, virusi vilivyolala mwilini kwa miaka, kama vile CMV na EBV, vinaweza kuonekana katika sampuli bila kuwa ndivyo vinavyomuumiza mgonjwa, na vitendanishi vyenyewe, yaani kemikali za maabara, hubeba DNA ya bakteria. Maabara isiyosoma sampuli tupu (isiyo na chochote cha mgonjwa, ya kulinganishia) sambamba na ya mgonjwa haifai kutumiwa.

Ningekubali sampuli ipelekwe endapo vipimo nilivyovitaja vyote vimekuwa hasi, picha ya ubongo imepigwa, na hali inazidi kuwa mbaya. Kuna usomaji mwingine, unaolenga jeni chache tu, ambao faida yake iko wazi zaidi: Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2024 kwa kutambua usugu wa dawa za kifua kikuu, na kwa VVU hutumika pale wingi wa virusi unapobaki juu ya 1,000 kwa mililita ilhali mgonjwa anameza dawa ipasavyo. Ikiwa mgonjwa wako yuko kwenye dolutegravir, dawa ya VVU, na CD4 zimeshuka hivyo, ombeni kwanza kipimo cha wingi wa virusi.

Mkichoma tena uti wa mgongo, tengeni mililita moja au mbili katika kichupa safi ambacho hakitafunguliwa, na kiwahishwe kwenye barafu hadi maabara yenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa sababu RNA, yaani vinasaba vya virusi vingi, huharibika upesi kwenye joto na haiwezi kurudishwa baadaye.