Kabla ya kuandika "the", muulize msomaji wako

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefanya kazi mapokezi katika hoteli ya Shanzu aliniandikia hivi: "Dada, shikamoo. Meneja wangu amenirudishia ripoti ya zamu imejaa wino mwekundu. Asema namwaga 'the' kama chumvi, kwengine natia mno, kwengine sitii kabisa. Nimejaribu kukariri sheria lakini haziishi. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenigusa palepale panaponiuma. Kwa neno hilohilo mimi nilidhalilishwa mbele za watu, na sijasahau hadi leo.

Wakati huo nilikuwa nawatembeza watalii Mji wa Kale wa Mombasa, kwa kampuni moja ya hapahapa kisiwani. Tajiri wetu alitaka kijitabu kipya cha wageni, akaniagiza nikiandike kwa Kiingereza. Nilikuwa naketi nacho usiku watoto wakishalala, nikakiandika kwa moyo wangu wote. Sentensi ya kwanza, juu ya ngome yetu kongwe, ilikuwa hii: "Fort Jesus was built by the Portuguese." Asubuhi, kwenye kikao cha wafanyakazi, tajiri akakitoa, akashika kalamu nyekundu, akaongeza "The" mbele ya Fort Jesus, kisha akaifuta ile iliyokuwa mbele ya Portuguese. Akaisoma sentensi yake kwa sauti, halafu akasema Kiingereza changu ni cha sokoni Kongowea. Watu wakacheka. Vijana niliowafunza kazi kwa mikono yangu nao wakacheka.

Nilikuwa sahihi, na nilijua niko sahihi. Nilichokosa ni maneno ya kueleza kwa nini, nikanyamaza. Kijitabu kikachapishwa vilevile alivyotaka yeye, kikasambazwa mahotelini. Baadaye mgeni mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, akauliza kwa upole ni nani aliyekiandika. Tajiri akaninyoshea kidole mimi.

Tangu hapo nilikuwa nikishika gazeti la Kiingereza sisomi habari kwanza. Natafuta "the", naizungushia kalamu, najiuliza imekuja kufanya nini pale. Nikaacha ile kazi. Sasa kampuni za utalii huniletea maandishi yao niyapitie kabla hayajafika kwa mchapishaji. Mwezi uliopita ikaletwa kazi ya kampuni ileile, kwa mkono wa meneja mpya asiyejua lolote la zamani. Ukurasa wa kwanza, "The Fort Jesus" ilikuwa bado imekaa. Niliikata kwa kalamu yangu mwenyewe, na sifichi, nilifurahi sana.

Sasa nikujibu. Orodha za sheria ziweke kando kwanza. "The" ndiyo inayotumika kuliko neno jingine lolote katika Kiingereza, na kazi yake kubwa ni moja: inamwambia msomaji kwamba anajua ni kipi unachokisema. Basi kabla ya kuiandika jiulize, huyu anayenisoma anajua ni kipi? Akijua, tia. Asipojua, usitie.

Wala usiniambie Kiswahili hakina jambo hilo. Neno la peke yake hatuna, lakini maana yake iko midomoni mwetu kila siku. Mama yuko jikoni, umeingia ukasema "nimeleta mkate". Hakuwa na habari ya mkate wowote. Ukisema "nimeuleta mkate", huo ni ule aliokutuma, na anaujua. Ile "u" ndogo ndani ya kitenzi imefanya kazi ya "the": "I have brought the bread." Isipokuwepo, ni "I have brought some bread." Jipime kwa vitu, usijipime kwa watu na wanyama, maana hao huchukua kiambishi cha namna hiyo karibu kila mara, wawe wanajulikana au hawajulikani.

Na kama umepita chuoni kwa maalimu, unajua tofauti ya "kitabun" na "al-kitabu". Kile cha kwanza ni kitabu chochote, cha pili ni kile tunachokijua. Lakini hapo pana mtego, na sisi watu wa pwani hunaswa nao kuliko wengine. Kiarabu hutia "al" hata kwenye mambo ya jumla: maisha, elimu, subira. Kiingereza hakitii. As-sabru miftahul faraj, tumeisikia tangu utotoni. Kwa Kiingereza inakuwa "Patience is the key to relief." Subira imesimama peke yake kwa sababu si subira ya fulani, ni subira yote. Ndiyo maana twasema "Life is hard" wala si "The life is hard". Twasema "Tourists love Mombasa". Ukiniandikia "the tourists" nitakuuliza watalii wepi, wale walioshuka jana Kilindini?

Tuishike ripoti yako. Umeandika: "Guest in the Room 214 reported that shower is leaking. The plumber was called." Mgeni yupi? Ni yule aliye chumba hicho, basi anajulikana, mpe "The guest". Chumba chenye nambari hubeba nambari hiyo kama jina lake, hakitaki kitu mbele: "Room 214", kama vile "Gate 3" au "page 10". Shawa ni moja kwa kila chumba, kwa hiyo meneja akisoma anaijua ni ipi: "the shower". Kuhusu fundi, hilo walijua wewe. Ikiwa hoteli yenu ina fundi wake wa mabomba, "the plumber" ni sawa kabisa, kila mtu kazini anamjua. Ikiwa mlimwita fundi wa nje, mara ya kwanza ni "a plumber", na akishatajwa, mstari unaofuata anageuka kuwa "the plumber". Umeona? Sarufi haikubadilika. Kilichobadilika ni yale anayoyajua msomaji wako.

Vijana wanaotaka kuwatembeza wageni huwa nawaandikia historia ya ngome yetu: "A siege began in 1696. The siege ended in 1698, when the Omanis took the fort." Jambo jipya huingia na "a", likishafahamika hushika "the". Ngome nayo, ukiitaja kwa jina ni Fort Jesus bila chochote, tangu Wareno walipoanza kuijenga 1593 hadi ilipoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 2011. Ukiacha jina ukasema ngome tu, ni "the fort". Na Wareno wakitajwa kama taifa zima ni "the Portuguese", kama "the British", kama "the Swahili". Hayo ndiyo maelezo niliyoyakosa siku ile kikaoni.

Majina ya mahali yana utulivu wake ukiyatazama vizuri. Tazama bandari yetu: "Mombasa Port" haina kitu, lakini ukiligeuza jina likapata "of" katikati, "the" inakuja: "the port of Mombasa". Hivyo hivyo "Mombasa Island" na "the island of Mombasa", "Kenyatta University" na "the University of Nairobi", "Kenya" na "the Republic of Kenya". Bahari na mito huchukua, "the Indian Ocean", "the Tana". Ziwa moja na mlima mmoja havichukui, "Lake Victoria", "Mount Kenya". Visiwa vikiwa vingi kwa jina moja huchukua, kwa hiyo ukiwaandikia jamaa zako wa Ngazija sema "the Comoros". Hayo machache kariri tu, hayana njia nyingine.

Kulitamka nako kusikutishe. Ile "dh" ya dhahabu na adhabu ndiyo hiyohiyo, tunayo tangu kuzaliwa, na wako wengi duniani wanaoitafuta wasiipate. Mbele ya sauti ya konsonanti sema nyepesi, kama "dha" iliyofupishwa. Mbele ya sauti ya irabu sema "dhi". Sikiliza sauti, usitazame herufi: "the hour" ni "dhi" kwa sababu h yake haisikiki, na "the university" ni ile nyepesi kwa sababu inaanza na sauti ya y.

Nanyi mlioshika kalamu nyekundu, mabosi na walimu, nawaombeni kwa moyo safi. Mtu mzima hasahihishwi kwa kuchekwa. Mwite pembeni, mweleze kwa nini umemzungushia wino, na kama huwezi kueleza, iweke kalamu chini kwanza ukasome. Kuna wafanyakazi hodari mji huu ambao hawataki tena kuandika hata barua fupi kwa sababu ya kicheko cha siku moja. Nanyi vijana, msinyamaze kama nilivyonyamaza. Ukijua uko sahihi, uliza kwa adabu: "Bosi, hii 'the' inamwelekeza msomaji wapi?" Atajibu, au atafikiri. Yote mawili ni faida kwako.

Wanangu mnaojiandaa kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mnayo ile sehemu ya kujaza mapengo katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza, alama 10. Msijaze pengo la kwanza kabla ya kusoma kifungu chote hadi mwisho. Pengo likiwa mbele ya nomino iliyokwisha kutajwa mistari ya juu, jaribu "the" kabla ya neno jingine lolote. Likiwa mbele ya "first", "only", "same" au "best", mara nyingi jibu ni lilo hilo.