Muusi si ng'ombe, na ndama wake muache

Ndugu yangu wa Maine, huko Marekani, umeuliza kama muusi (moose, yule mnyama mkubwa wa misitu ya baridi ya kaskazini) aliyekuja nyuma ya nyumba yenu ni jamaa ya ng'ombe, na kama ndama wake anafugika. Undugu upo, ila wa mbali. Wote hucheua, wana tumbo la vyumba vinne na kwato zilizopasuka, na mbele juu hawana meno. Lakini ng'ombe ni wa ukoo mmoja na mbuzi na swala. Hata kulungu wetu wa Afrika Mashariki yuko karibu zaidi na ng'ombe kuliko muusi. Tazama pembe: za ng'ombe hukaa maisha yote, za muusi dume hudondoka kila mwaka na kuota upya, na jike hana kabisa.

Kufuga, tafadhali usijaribu. Bila kibali ni kosa, tena si mla nyasi huyu. Chakula chake ni vijiti, majani ya miti na mimea ya majini. Ukimpa nyasi kavu wakati wa baridi anaweza kufa tumbo likiwa limejaa. Kule Sumarokovo, Urusi, wanafugwa tangu 1963 na hukamuliwa pia, lakini huachwa wajitafutie malisho msituni.

Nakuomba sana, watoto wasimsogelee ndama huyo. Mama yake hupiga kwa miguu ya mbele. Ukiona amelaza masikio na manyoya ya shingo yamesimama, kimbia ujikinge nyuma ya mti mnene. Ndama akibaki peke yake, waite askari wa wanyamapori.