Karo la majitaka limekamilika, shimo limegonga mwamba

SWALI: Najenga Bugarika, Mwanza, kwenye mteremko. Karo (tanki la majitaka) limekamilika, lakini kwenye shimo la kunyonya maji fundi kagonga mwamba mita 1.6 tu. Anataka tupange mawe tufunike kabla afisa afya hajaja. Kisima cha jirani kiko chini yangu, kama mita 15. Tutaishi watu 6.

JIBU: Msifunike. Mwamba wa Mwanza haunyonyi maji wala hauyachuji. Yakipata ufa yanateremka nao na kutokea kwenye kisima cha jirani yakiwa na vimelea vyake vyote. Shimo la kunyonya linatakiwa kuwa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na chini yake ibaki angalau mita 1.2 ya udongo kabla ya mwamba. Kwako vyote viwili havipo, kwa hiyo hata kupima unyonyaji wa udongo ni kupoteza muda.

Anzia MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza: uliza kama mtandao wao wa majitaka uliopitishwa kwenye baadhi ya mitaa ya milimani unakufikia. Kama haufiki, litumie karo kama tanki lililozibwa, la kunyonywa na gari. Hapo fanya hesabu mapema. Watu 6 kwa lita 100 kila mmoja ni lita 600 kwa siku. Tanki la lita 10,000 linajaa kwa siku 16, na hakuna mfuko utakaovumilia hilo. Tenga maji ya kuoga na ya jikoni: yapite kwenye kichujio cha mafuta, yaende kwenye migomba upande usioelekea kisimani. Maji ya choo peke yake, kama lita 180 kwa siku, yanakupa siku 55. Na pimeni kama mpira wa kunyonyea wa gari unafika kwenye tanki kutoka barabarani. Kama haufiki, mpango wote umekufa.

Kabla ya ukaguzi, jaza karo maji na uliache siku nzima, maana plasta mpya hunywa. Ongeza, weka alama, subiri saa 24. Yakishuka, kuna ufa. Bomba la inchi 4 kutoka chooni literemke sentimita 2.5 kila mita, na kila kona iwe na chemba. Ukutani mwa karo kwa ndani, bomba la kuingizia liwe na tii, yaani kiungo chenye umbo la T. Mafundi wengi huiruka, kisha povu linarudi kuziba bomba.

SWALI: Nina kiwanja Igombe, mita 40 kutoka ziwani. Naweza kuweka karo la plastiki?

JIBU: Hapana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za ziwa. Hata ukisogea nyuma ya hapo, ufukweni maji ya ardhini yako juu: tanki tupu la plastiki huibuka lenyewe, likivunja bomba. Lijaze maji kabla ya kufukia, na ulifunge kwenye sakafu ya zege. Kama unataka pia kuchimba kisima kirefu, kibali kiko ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria.