Kombora la Mtambaa Panya

Mhariri, swali lenu la wiki, "Nani mtangazaji bora wa mpira aliyewahi kusikika Kenya?", limenikereketa. Wengi watamtaja Leonard Mambo Mbotela, nami sibishi. Mzaliwa wetu wa Freretown, Mombasa, akaingia redioni 1964, na sauti yake ilikuwa na uzito hata wanajeshi walioasi Agosti 1982 wakamfuata nyumbani kwake akawasomee tangazo lao. Walijua nchi huamini sauti ya nani.

Mimi nauliza jingine: kwani ni lazima tuwaamini watangazaji?

Ami yangu haendi uwanjani bila redio. Huyaweka mawe yake (betri) juani tangu asubuhi yapate nguvu. Siku moja nilikaa naye, Bandari ikicheza na timu ya Nairobi. Winga wetu akapiga chenga moja, akateleza, akaugusa mpira kwa kisigino. Ukaenda taratibu, kama mzee aendaye msikitini, ukatoka nje. Kipa hata hakusumbuka, aliufuata huku akipandisha soksi. Redioni (jina la mtangazaji nalistiri) likalia kombora! Limegonga mtambaa panya, lango zima latikisika!

Ami, macho wazi, akashika kichwa. "Lahaula!"

"Ami, mbona umetoka nje tu?"

Akaniangalia hivi. "Wewe wajua kuliko redio?"

Usiku barazani Majengo akalisimulia kombora lile. Muuza kahawa akaapa kuwa alisikia mlio wa chuma. Kisha wakanigeukia mimi, shahidi wa macho, kikombe mkononi, kashata mdomoni. Nikasema: liligonga.

Mbotela alikuwa na kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana? Hilo ndilo nililokusudia kumuuliza yule bwana katika barua hii. Mtangazaji aseme aliloliona, basi. Lakini jana nilitazama mechi kwenye televisheni, na kijana akanitajia jina la kila aliyegusa mpira, majina niliyoyasoma mwenyewe migongoni mwao. Leo asubuhi sikumbuki hata nani alifunga. Lile kombora nalikumbuka, nalo halikupigwa.

Basi kura yangu mpeni yule mwongo. Ila awe wa mpira tu, asije akapewa kutangaza matokeo ya uchaguzi. Na ami asiambiwe kuwa nimeandika haya, bado analisimulia kombora lile.