Maji ya mgongo yenye damu: ni sindano au mshipa umepasuka?

Pole na zamu mdogo wangu. Nimekuelewa, upo emajensi hapo Arusha, mgonjwa kichwa kimeanza kumuuma vikali ghafla, siti skani (picha ya kichwa) haionyeshi kitu, ukamchoma mgongo maji yakatoka mekundu na sasa hujui kama ni sindano imegusa mshipa au anavuja damu kichwani.

Linganisha chupa ya kwanza na ya mwisho ya maji uliyokinga, damu ikipungua sana yaelekea ni sindano ila hiyo peke yake haitoshi kabisa. Namba ya chupa ya mwisho ndo ya kushika, ikiwa chini ya seli nyekundu 2,000 kwa mikrolita na maji hayana unjano (rangi inayoachwa na damu iliyokaa humo), mshipa wa kichwani kupasuka ni vigumu sana. Waombe maabara wazungushe chupa kwenye mashine fasta, halafu ishike mbele ya karatasi nyeupe uone maji ya juu ni meupe au ya njano. Unjano huchelewa, unaweza kuchukua mpaka masaa 12 tangu kichwa kianze kuuma, kwa hiyo kama ulimchoma mapema usijipe moyo kwamba haupo.

Seli nyeupe nazo huingia na damu, kwa hiyo toa moja kwa kila nyekundu 500 hadi 1,000, zikibaki nyingi fikiria homa ya uti wa mgongo na dawa anza sasa hivi, usisubiri kalcha (majibu ya kuotesha vijidudu). Akiwa na VVU pima na kriptokoka (fangasi wa kwenye ubongo) hata kama seli ziko kawaida, nasisitiza hili maana huku kwetu linaua watu.

Kukiwa na unjano, au namba kubwa ya seli nyekundu na bado una wasiwasi, usikae naye. Mpigie bingwa wa upasuaji wa ubongo usiku huohuo, kama hapo hayupo uliza KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi.