Ringi mpya, habu ya zamani: hesabu na upime kabla ya kulipa

Maswali ya leo ni ya wenye baiskeli za resi wanaotaka kubadili ringi na kubaki na habu zao, yaani kitovu cha gurudumu.

Fundi, shikamoo. Ringi yangu ya nyuma imepinda. Ninunue ipi? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Ina matundu mangapi? Breki ni za diski au za raba? Hujasema, na kila mara swali hili hunifikia hivi hivi. Habu ya matundu 32 inataka ringi ya 32, ya 28 inataka ya 28. Kahesabu kwanza, halafu uniandikie.

Dukani wanasema ringi ya inchi 28 itanifaa. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Inchi 28 si kipimo kimoja. Resi yako inatumia 622, ile ya 700C: ni milimita za kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Ringi ya Phoenix ya kubebea mizigo nayo huitwa 28, lakini ni 635. Milimita 13 hizo zinatosha tairi lisikae. Soma ubavuni mwa tairi lako, utakuta namba kama 25-622: upana wa tairi, kisha kipenyo hicho. Nenda nayo dukani, wala usikubali kuuziwa kwa macho.

Spoku za zamani zitaingia kwenye ringi mpya? (Msomaji, Tanga)

Zitaingia endapo kipenyo cha spoku cha ringi zote mbili kinalingana. Hicho si 622. Ni umbali kati ya ncha za spoku zinazotazamana, zikiwa ndani ya nipeli zake (vinati vinavyokaza spoku kwenye ringi), na ringi mbili za 700C zinaweza kupishana kwa milimita 20 na zaidi, kwa sababu nyingine zina kimo kirefu. Kipenyo kikipungua milimita 2, spoku nayo ipungue 1.

Kupima si kazi. Chukua spoku mbili kuukuu zenye urefu mmoja, kaza nipeli mpaka ncha ya spoku ilingane na mkato wa bisibisi, uzitie kwenye matundu yanayotazamana: kwa ringi ya 32, la 1 na la 17. Zivute zinyooke. Pima nafasi kati ya viwiko (pale spoku inapokunjwa upande wa habu), ujumlishe urefu wa spoku zote mbili. Rudia kwenye matundu mengine, maana ringi huwa si duara kamili.

Kama spoku zimekuwa zikikatika kiwikoni moja baada ya nyingine, zitupe zote. Na kwa kuwa uko pwani, weka nipeli za shaba. Za alumini huliwa na chumvi. Nimeshika nyingi zikamomonyoka mkononi kama chaki.

Nimepata ringi isiyo na midomo ya ndani ya kushikilia tairi (hookless), bei nzuri. Nivalishe tairi langu la 25 na tyubu, psi 100? (Msomaji, Nairobi)

Usithubutu. Inataka tairi ambalo mtengenezaji ameliruhusu kwa ringi hizo, upana kuanzia 28, upepo usizidi psi 72. Lako litachomoka ukiwa kasi.

Ringi imelika pembeni lakini haijapinda. Nisubiri? (Msomaji, Lushoto)

Usisubiri. Simamisha rula kwenye ukuta unaosuguliwa na raba. Ukiona mwanga katikati, ukuta umebonyea. Ringi nyingi zina kitundu au mfereji mwembamba wa alama pale. Ukifutika, ringi imekwisha. Ukuta huo ndio unaozuia tairi lenye upepo, na ukipasuka hupasuka wakati umebana breki, yaani kwenye mteremko wa Soni kwenda Mombo. Kagua na raba: chembe za chuma zilizojichomeka zitoe kwa sindano, la sivyo zitachimba ringi mpya pia.