Kigoda cha mninga kwa mashine ya CNC: pima mbao kabla ya kuchora

Kigoda changu cha kwanza cha CNC, yaani mashine ya kukatia inayoongozwa na kompyuta, kilipasuka kabla hakijakaliwa. Nilikichora kwenye kompyuta siku tatu, kila kiungo kikakaa sawasawa kwenye skrini, nikapeleka faili karakana. Matundu ya kuingizia miguu niliyachora yawe na upana wa milimita 20, kwa sababu mbao ya inchi moja ikishapigwa randa tumezoea kuihesabu hivyo. Niliyoletewa ilikuwa 20.6. Ndimi za miguu, yaani ncha zinazoingia kwenye matundu, zikagoma kuingia. Nikachukua nyundo, na pigo la tatu likapasua kikalio kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Mninga safi kabisa, umeharibika kwa nusu milimita.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shika vernia kwanza, kile kipimio cha unene. Pima unene wa mbao sehemu tano au sita, chukua kipimo kikubwa kuliko vyote, ongeza milimita 0.2 ya kupitishia gundi, halafu ndipo uchore. Mashine za namna hii zilianzia kwenye chuma. Ile ya kwanza ilionyeshwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Chuma hakivimbi mvua ikinyesha. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana na unene, kwa urefu karibu haibadiliki. Hapa Tabora mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, kwa hiyo mbao uliyoipima Septemba usiikate Januari bila kuipima tena.

Mchoro wangu ni rahisi: kikalio cha duara chenye kipenyo cha milimita 300, miguu mitatu ya ubao bapa, na sahani ndogo chini inayoifunga isitanuke. Urefu ni milimita 400. Nimechagua mitatu kwa sababu ile ile ya mafiga: hata sakafu iwe na mabonde, hakiyumbi. Vigoda vya kale vya Wanyamwezi navyo vina miguu mitatu, ila vile huchongwa kwenye gogo moja, havina kiungo hata kimoja. Sisi wa mashine tunaishi au kufa kwa viungo.

Mbao si lazima ununue nzima. Mafundi wa milango huku Ng'ambo, hapa hapa Tabora, wana masalia ya mninga yanayotosha vigoda viwili vitatu. Ukinunua mpya, hakikisha imegongwa nyundo, yaani ina alama ya maofisa wa misitu, na ina hati zake.

Kuna jambo ambalo skrini haikuonyeshi. Biti ya mashine, kile kisu kinachozunguka, ni ya duara, kwa hiyo haiwezi kukata kona kali ndani ya tundu. Biti ya milimita 6 huacha kona yenye mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3, na ulimi wenye kona za mraba hukwama hapo. Ama uchore vijishimo kwenye kona za tundu ili biti ipite mbele kidogo, ama ulainishe kona za ulimi kwa tupa. Mimi siku hizi napendelea tupa. Tundu likionekana juu ya kikalio, vile vijishimo vinaudhi macho.

Kabla ya kukata kazi yenyewe, kata tundu moja na ulimi mmoja kwenye kipande cha mbao ile ile. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja, usidondoke wenyewe. Ukihitaji nyundo, rudi kwenye mchoro.

Kwa biti ya milimita 6 yenye makali mawili, mimi huizungusha mara 18,000 kwa dakika, naisogeza milimita 1,800 kwa dakika, na kila inapopita nashusha kina cha milimita 3. Hapo kila kali linakula milimita 0.05. Angalia kinachotoka: kikiwa chembe zinazoonekana, endelea. Kikiwa unga laini na harufu ya kuungua, unakwenda taratibu mno na biti inasugua badala ya kukata. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Umeme nao ujipange nao. Siku moja ulikatika katikati ya mguu wa pili. Uliporudi, mashine ilikuwa imesahau ilipoanzia, ikakata pembeni kwa milimita mbili. Tangu hapo napigilia vibao viwili mezani vinavyokutana kwenye kona, mbao inakaa humo, na kipimo cha sifuri nakianzisha kwenye kona hiyo hiyo. Umeme ukirudi najua pa kuanzia.

Vanishi siitumii. Nayeyusha nta ya nyuki, ambayo Tabora haikosekani, sehemu moja kwa nne za mafuta ya kitani, kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja. Ukisugua kwa kitambaa, wekundu wa mninga unaamka hapo hapo. Kigoda cha namna hii mama anakikalia jikoni akichambua mboga, kina miaka miwili na hakijalegea.

Faili la mchoro ninalo na nitampa yeyote anayelitaka. Nitamuuliza kitu kimoja tu kwanza: mbao yako ina unene gani?